Uyoga wa Mteremko wa Magharibi

"Siku kinu kile kikivuja, nitakula uyoga wa mlima huu mbele yenu wote, tena mbichi."

Hayo aliyasema Mzee Tokuji Amagase kwenye kipaza sauti, siku ya kufungua ukumbi wa kijiji chetu cha Hinosawa. Ukumbi ulijengwa kwa pesa za kinu cha nyuklia. Barabara vilevile, na bwawa la maji moto ambamo wazee waliloweka migongo huku wakiisema serikali. Tokuji mwenyewe alifunga mabomba kinuni miaka thelathini na mmoja, na mshahara ule ukamsomesha binti yake Shiho mpaka akawa mfamasia. Watu walimpigia makofi. Nani angempinga? Hata viatu tulivyovaa vilinunuliwa na kinu.

Kikavuja. Machi ile, baada ya tetemeko na bahari kupanda, tulihamishwa tukakaa miaka sita kwenye vyumba vya mabati, ambamo jirani akikoroma unajua anaota nini. Mionzi haikumuua mtu wa Hinosawa, lazima niseme ukweli. Waliokufa walikufa kwa kuhamishwa, kwa kungoja na kwa kunywa.

Tuliporudi nikapewa kazi kwenye kibanda cha vipimo, nyuma ya ofisi ya kijiji. Niliwahi kusomea upigaji picha za eksirei, nikaishia katikati, na kwa Hinosawa hiyo ilitosha kabisa. Tokuji aliniita Daktari Nusu. Kila vuli alileta kikapu cha uyoga wa misonobari, ule wenye harufu ya kumtoa mtu kaburini. Ili upimwe, lazima ukatwekatwe, ushindiliwe kwenye kopo na kukaa mashineni nusu saa. Kisha unatupwa.

"Kata kwa heshima, Daktari Nusu. Huo si kitunguu."

"Babu, ukitaka namba lazima nikate."

"Na ukishakata, mimi nile nini?"

"Namba."

Aliitaka namba kwa sababu ya Shiho. Binti alikuwa amehamia Saitama na mwanawe Kanna, akamwambia baba yake waziwazi: uyoga wako ukishuka chini ya mia, kiwango cha mionzi kinachoruhusiwa na serikali, nitamleta mjukuu wako. Ukiwa juu ya mia, tutaonana kwenye simu. Mwaka wa kwanza mashine ilisoma elfu mbili na mia tatu. Kisha mia tisa. Kisha mia mbili arobaini.

Pamoja na uyoga ilijazwa fomu: jina, uzito, mahali ulipookotwa. Hapo kwenye mahali, kijiji kizima kilidanganya. Kwetu mahali pa uyoga hapatajwi. Mtu humnong'oneza mwanawe akiwa anakata roho, na wapo waliokata roho kwanza. Tokuji aliandika Bonde la Kaskazini. Jirani yake, mjane Kiyo, naye Bonde la Kaskazini. Kwa mujibu wa fomu zetu, watu mia moja na kumi walikuwa wakiokota uyoga kwenye bonde lenye upana wa choo. Mimi nilizipokea fomu nikazitia kwenye ramani yenye rangi nzuri na muhuri, iliyowekwa mtandaoni kila mtu aione.

Oktoba hii mashine ikasoma themanini na nane.

Tokuji alimpigia Shiho palepale kibandani, sauti ikisikika nje.

"Themanini na nane, mwanangu."

"Umenunua dukani, Baba."

"Mimi? Ninunue uyoga?"

"Ramani inasema Bonde la Kaskazini ni elfu moja na kitu. Nipeleke nikaone kwa macho yangu panapoota. Nikiona, mwaka mpya namleta Kanna."

Mzee alilitazama kopo la uyoga uliokatwakatwa. "Njoo," akasema, kama mtu anayekubali kukatwa mguu. Shiho angepata likizo baada ya wiki tatu.

Jumatano iliyofuata kukawa na mkutano ukumbini. Bwana mmoja kutoka mjini alitafuta mahali pa kuweka magunia meusi ya udongo wenye mionzi, uliokwanguliwa mashambani na nyuani kwetu. Alitundika ramani. Ramani yangu. Akaweka kidole kwenye Mteremko wa Magharibi, ambao haukuwa na nukta hata moja.

"Huu ni msitu wa kijiji, na hapa hakuna aliyewahi kuokota chochote. Kuna mtu anayepatumia?"

Udongo wa magharibi ni mwekundu. Miaka minne nilikuwa nikiuosha kwenye uyoga wa Tokuji. Nikamtazama. Kiyo pia alimtazama, na kumbe alikuwa anajua.

"Mzee Amagase, wewe ndiye mpanda mlima," Kiyo akamwambia. "Sema, basi. Au leo kipaza sauti kinauma?"

Wakampa. Akakishika kwa mikono miwili.

"Miba tu," akasema.

Baadaye alinieleza hesabu yake: kule hakuna barabara, kwa hiyo wangechagua machimbo ya mawe ya zamani, yenye barabara, na siri ingebaki yake. Lakini yule bwana alitabasamu akasema barabara itachongwa. Mikono ya kukubali ikapanda. Wa Tokuji ulikuwa wa mwisho. Wangu ulikuwa umetangulia.

Shiho alikuta misonobari imelala chini na utepe wa manjano umezungushwa. Niliwapandisha kwa gari la ofisi. Mzee alinyoosha fimbo juu ya utepe.

"Pale. Kati ya vile visiki viwili. Nilionyeshwa na baba yangu."

"Ungesema neno moja tu, Baba."

"Wangepajua wote."

"Na sasa?"

Mzee aliishusha fimbo.

"Kanna nimlete aje kuona nini? Magunia?" Akashuka, akapanda basi la saa tisa.

Novemba Tokuji alikuja kibandani na pakiti ya dukani, uyoga wa misonobari kutoka nchi za nje. Alijaza fomu. Kwenye mahali akaandika, kwa mara ya kwanza maishani, Mteremko wa Magharibi. Nikakata nusu, nikapima. Mashine haikuona kitu. Akaomba karatasi ya majibu ampelekee Shiho.

Nusu iliyobaki aliitafuna palepale, mbichi.

"Niliahidi mbele ya watu wote," akasema.

"Babu, niko mimi tu."

Aliendelea kutafuna. Pakiti aliiacha mezani, kibandiko kikiwa bado juu yake: yeni elfu moja mia tisa na themanini.