Anza na Uso

Mdogo wangu haoni tangu utotoni, na mimi ndiye ninayemsomea televisheni. Kazi hiyo sikuiomba. Nilipewa kwa sababu nilimtangulia kuzaliwa na kwa sababu nina mdomo. Enzi zile akirudi likizo kutoka shule ya wasioona ya Buigiri, tulikuwa tunakaa mkekani sebuleni, ananigonga goti na kusema, "Haya, nisomee." Nilimsomea tamthilia, mpira, taarifa ya habari, hadi matangazo ya sabuni. Mpaka leo sheria yake ni moja na haina mzaha: mtu akitokea, anza na uso. Nikianza na nguo ananikatisha hapo hapo.

"Dada, huyo mtu mwenyewe sijamjua bado. Gauni lake nilipeleke wapi?"

Kazi hiyo ilikuwa inaniharibikia kwenye video za muziki. Bongo Fleva anaipenda sana, na mimi pia naipenda, tusidanganyane. Mwanamume akitokea namsoma vizuri kabisa: uso mrefu, ndevu zimechongwa, jicho moja dogo kuliko mwenzake, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akitokea msichana nakwama. Kamera inaanzia kisiginoni, inapanda taratibu, ikifika kiunoni inapiga kambi. Mimi nasubiri uso. Mara tumerudi kwa mwanamume na gari lake.

"Yuko wapi?" mdogo wangu anauliza.

"Nani?"

"Huyo dada. Si umesema ametokea?"

"Kimetokea kiuno."

"Kiuno cha nani?"

Nyimbo hizo hizo nilikuwa nimezicheza kwenye harusi nyingi, nikajifunza na miondoko yake mbele ya kioo, na swali hilo halijawahi kunijia. Tangu siku ile nikawa mdadisi wa kupindukia. Nikaanza kuzichunguza video kama trafiki anavyochunguza gari bovu: nani anatazama na nani anatazamwa, nani ana neno la kusema na nani amewekwa pale asimame. Kulikuwa na moja ambayo mwanamume amevaa koti la ngozi na kofia ya sufu, na msichana aliye ubavuni mwake amevaa vipande viwili vya kitambaa vya kutosha kufutia miwani. Nikamsomea hivyo hivyo.

"Sasa hapo kuna joto au kuna baridi?" akauliza.

Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kama tumechanganyikiwa.

Mwaka jana muziki ukatufuata nyumbani. Msanii mmoja chipukizi wa hapa Dodoma alimsikia mdogo wangu akiimba kasida kwenye maulidi, akaja kwetu kuomba amwimbie kiitikio cha wimbo wake mpya. Alikuja kistaarabu, shikamoo zake zote mahali pake, akakaa kwenye ncha ya kiti. Mama ni Mrangi wa Kondoa, na mambo ya heshima ya binti hayana mjadala kwake. Alifikiri, akasema, "Sauti ichukueni. Mwili wake ubaki nyumbani. Sitaki mwanangu aonekane humo."

Kijana akafurahi waziwazi. "Hata mimi, mama, nahitaji sauti tu."

Walipeana mikono wote wawili wameridhika. Mdogo wangu alikuwa amekaa katikati yao, mtandio wake umenyooka, hakuna aliyemgeukia.

"Wamekubaliana haraka mno," aliniambia baadaye tukianika nguo. Nikamuuliza yeye alitaka nini. Akasema alitaka kuonekana. Si kucheza, si kukata kiuno. Kusimama tu na kuimba, ili mtu akiusikia wimbo ule ajue ni yeye aliyeimba. Nilijisikia vibaya kwamba swali lenyewe limeulizwa kwenye kamba ya nguo, mambo yakiwa yameshaisha.

Studio ilikuwa Kizota, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Kurekodi kulisubiri mafundi waende kula, kwa sababu mashine zao za kukatia chuma zilikuwa zinaingia kwenye kila neno. Mdogo wangu aliimba wakati mafundi wakimaliza ugali wao, na mmoja akaacha kutafuna kusikiliza. Mimi niliona fahari.

Video ilitoka alasiri moja ya upepo, vumbi limejaa mpaka kwenye vikombe. Mama alikuwa mlangoni anabangua karanga. Tukakaa mkekani, nikagongwa goti. Mwanzo ulikwenda vizuri: kijana wetu, uso wa duara, miwani myeusi, yuko juu ya boneti ya gari la kuazima. Kisha kikaingia kiitikio, sauti ya mdogo wangu ikajaa sebule, na mimi nikakisogelea kioo.

"Dada. Anza na uso."

Ajabu ni kwamba safari hii uso wa msichana ulikuwepo, tena umejaa kioo kizima. "Mpana," nikasema. "Nyusi za wanja. Midomo inang'aa. Anaimba."

"Anaimba nini?"

"Anakuimba wewe. Anafungua mdomo, inatoka sauti yako."

Akausikiliza mstari mzima. Halafu akauliza, "Pale ninapovuta pumzi, kabla ya neno la mwisho, naye anavuta?"

"Hapana. Hapumui kabisa."

Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha, na kamera ikashuka kiunoni kama kawaida yake.

Nilikasirika, lakini yule msichana sikuweza kumkasirikia. Alionekana amechoka na viatu vinambana. Mwishoni majina yakapita: msanii, mtayarishaji, mwongozaji, hadi mwenye gari. La mdogo wangu halikuwepo, na la msichana halikuwepo.

"Na yeye sauti yake ikoje?" mdogo wangu akauliza. Hatukuwa na njia ya kujua.

Hapo ndipo tulipomsikia mama. Alikuwa amesimama nyuma yetu, ungo mkononi.

"Huyo binti mbona ana sauti ya mwanangu?"

"Mama, si ulisema nisionekane?"

"Nilisema usionekane. Sikusema awekwe mtu mwingine mahali pako!"

"Ulitoa sauti bila mtu, mama. Ulidhani wataiweka wapi?"

Mama akaanza kujibu kwa Kirangi, lugha anayoishika akiwa na hasira, akaishia katikati. Nilitegemea aseme lolote kuhusu mapaja ya yule msichana, maana yalikuwepo ya kutosha. Hakuyagusa. Aliniamuru nimpigie kijana, akachukua simu, akamwambia kwamba siku akitaka wimbo mwingine, mwanawe atakwenda mzima, atasimama mbele ya kamera na kuimba kwa mdomo wake mwenyewe, na kama haiwezekani basi atafute koo jingine. Kijana akasema watazungumza. Mpaka leo hajapiga.

Mama aliingia chumbani, akarudi na gauni la Idi la mdogo wangu. Akamvalisha pale pale sebuleni, siku ya kawaida kabisa, akamfunga mtandio, akamsimamisha mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Haya," akaniambia, "msomee."

Nikajikuta natazama kioo kilichozimwa nyuma yake. Watu wote wa kwenye kioo nilikuwa nimemsomea, waigizaji, mawaziri, wacheza mpira.

"Mimi hujanisomea hata siku moja," mdogo wangu akasema, wala hakusema kwa kulaumu. Alitaka tu kujua. "Pa kuanzia unapajua."

Mama akakaa mkekani na ungo wake mapajani asikilize. Nikamtazama mdogo wangu vizuri, nikaanza na uso.