Fyuzi ya Pikapu

Tulikuwa watatu pale Busisi, penye kivuko cha ziwani: mimi, mdogo wangu wa kike, na fundi wa taa. Harufu ya plastiki inayoungua hunirudisha kwenye ile pikapu ya marehemu baba, niliyoachia shule ili niiendeshe. Tulibeba sangara, barafu ikiyeyuka, na ada ya mdogo wangu ilitegemea mzigo ule. Trafiki alikataa tupande kivuko bila taa. Kila fyuzi mpya iliungua.

“Kaka, inaungua ukikanyaga breki,” mdogo wangu alisema.

“Nyamaza. Umesomea umeme lini?”

Nikachukua karatasi ng’aavu ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi iliyoungua ili umeme upite.

“Utachoma gari la marehemu,” fundi alinionya.

Nikawasha taa, nikakanyaga breki. Moshi ukajaa. Fundi akafuata waya ulioungua mpaka nyuma, akakuta ule wa taa ya breki umechunika na kugusa bodi ya gari.

“Binti alishakwambia,” alisema.

Kivuko cha mwisho kiliondoka bila sisi, na samaki wakaharibika. Muhula ule mdogo wangu hakurudi shule. Fundi nilimlipa siku ileile. Mdogo wangu sijamwomba radhi mpaka leo.