Siku Niliyonaswa na Pampu ya Maziwa Mbele ya Mama Mkwe

Haya ningependa kufa nayo, lakini kwa kuwa Kaloleni kwa wakwe zangu yameshafika, na kanisani kwetu Port Reitz kina mama wakiniona bado wanaziba midomo kwa leso, bora nanyi myasikie kutoka kwangu mwenyewe kabla hamjaletewa yaliyotiwa chumvi (ingawa sijui mtu atatia chumvi wapi tena).

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na siku nne. Mke wangu Dama alitoka hospitali vizuri, lakini siku ya tatu maziwa yakaingia yote kwa mpigo, matiti yakajaa yakawa magumu, ya moto, chuchu zikapasuka, na mtoto kila akitaka kushika anateleza, analia, mamake naye analia, na mimi nimesimama katikati na kikombe cha uji, sijui nimpe nani. Muuguzi wa kliniki alitwambia Dama akamue kidogo kabla ya kunyonyesha, ili titi lilainike mtoto apate pa kushika. Basi Jumamosi asubuhi nikaenda duka la dawa nikaleta pampu, ile ya mkono, ya bei ya chini: kikombe cha plastiki mfano wa tarumbeta ndogo, na nyuma yake kipira cha kubonyeza kama cha honi ya baiskeli.

Dama akaijaribu mara mbili, akaiweka chini, akasema inauma. Hapo ndipo nilipoharibu, maana badala ya kunyamaza nikajitia mjuzi, nikamwambia haiwezi kuuma kiasi hicho, huo ni upepo tu, labda anabonyeza kwa woga. (Kazi yangu mimi ni kuendesha mashine ya kunyanyua makontena bandarini, ya matiti sijui nilisomea wapi.) Alinitazama tu, akachukua taulo akaenda bafuni kujikanda kwa maji ya moto.

Yale macho yalinikaa. Nikabaki chumbani na mtoto amelala, na pampu iko pale kitandani, nikaona dawa ya ubishi huu ni moja, nijue mwenyewe. Nikavua fulana, nikabonyeza kipira, nikabandika kikombe kifuani upande wa kushoto, nikaachia.

Ndugu zangu, nilihisi kama roho inatolewa kwa mrija. Nikabonyeza tena nikidhani itaachia, kumbe kila ukibonyeza inatoa hewa iliyobaki, ukiachia inavuta zaidi, na nilipoivuta kwa mkono ngozi ikaja nayo. Nilikuwa nimeuma mto ili nisimwamshe mtoto niliposikia hodi mlangoni, na sauti niliijua.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Tulimtarajia Jumapili. Na lazima niwaeleze, kwetu mkwe si mtu wa mchezo: tangu nimuoe Dama nikizungumza na mamake naangalia chini, hata kukaa naye kiti kimoja sijawahi. Dama akaniita kutoka bafuni, "Kazungu, mfungulie mama." Nikavaa fulana, ikatuna kifuani kama nimeficha embe. Nikanyakua jaketi langu la kazi, lile zito la rangi ya chungwa, nikafunga zipu mpaka shingoni, nikafungua mlango.

Mama mkwe alikuwa na kikapu cha muhogo na madafu, na nyuma yake Mama Furaha, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, aliyekutana naye stejini aliposhuka kwenye gari, akamsindikiza. Nikawasalimia shikamoo, nikapokea kikapu kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeubana kifuani. Mama mkwe akauliza kulikoni jaketi, na joto lote hili la Changamwe. Nikasema nina homa kidogo. Uongo mdogo tu, wa kuvuka pale mlangoni, nao ndio ulionimaliza, kwa sababu Mama Furaha hawezi kusikia ugonjwa ukitajwa mbele yake akauacha upite. Akasema kabla hatujakaa tumwombee baba wa mtoto.

Alianza vizuri. Akamshukuru Mungu kwa mtoto, kwa safari, kisha akanyoosha kiganja akakiweka juu ya kifua changu, upande uleule. Kipira kikabonyea. Sala ikasimama. Akakipapasa polepole, akafungua macho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, huu uvimbe unao tangu lini?"

Nikaangalia chini, na hilo likachukuliwa kuwa jibu. Mama mkwe aliketi chini sakafuni, akaanza kutokwa na machozi bila sauti, anasema bintiye ataachwa na mtoto mchanga. Hilo sikuweza kulivumilia. Mbele ya mkwe wangu, ambaye sijawahi kumtazama machoni, nikafungua zipu, nikapandisha fulana.

Hapo Dama akatoka bafuni na leso kifuani, akatutazama sote, akaitazama pampu inavyoning'inia, akaelewa. Akaja akapenyeza kidole kidogo pembeni mwa kikombe, hewa ikaingia, pampu ikabanduka kwa mlio ambao sitaki kuuelezea.

"Nilitaka kujua," nikamwambia.

"Ukajua?"

"Inauma sana, Dama."

Akaanza kucheka. Alikuwa hajacheka siku mbili, na alicheka mpaka akashikilia ukuta, na katika kule kucheka leso yake ikaanza kulowa, upande huu, kisha na upande wa pili, maziwa yanatiririka yenyewe. Mama mkwe akafuta machozi akaamuru mtoto aletwe. Akamkalisha Dama, akamweka mtoto tumbo kwa tumbo, akangoja afungue kinywa wazi, akamsogeza. Mtoto akashika. Tukasikia anavyomeza.

Mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni natafuta pa kutokea. Mama mkwe, bila kugeuka, akasema, "Nimezaa saba. Baba yake Dama hakuwahi kuuliza hata mara moja kama inauma." Sikujua kama nimesifiwa. Lakini chakula cha mchana alinipakulia mimi kwanza.

Jioni baba mkwe akapiga simu, yeye ambaye hunipigia kwa mambo ya ukoo tu, akaniambia, "Nasikia umeanza kunyonyesha," akakata.

Alama ya duara ilinikaa wiki mbili, kazini nikibadilisha nguo nageukia ukuta. Nimeapa mawili: simwambii tena mwanamke kwamba kitu hakiumi, na mtu akibisha hodi, nafungua nikiwa na nguo nilizo nazo na ukweli nilio nao, hata kama umening'inia kifuani.