Matembezi ya Mzee Bahasha

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Bahasha alipeleka barua kwa miguu, na katika miaka hiyo yote hakupotea hata mara moja. Alikuja kupotea baada ya kustaafu, mjini kwake mwenyewe, mchana kweupe, akisukuma kigari cha mtoto.

Jina la Bahasha alipewa na watoto wa mtaani kwao, likamganda kama stempu. Ukimuuliza njia hakukwambia kushoto wala kulia. Alikwambia, "Unapita kwa fundi saa, unatokea kwa mjane wa mwalimu, halafu unawakuta wale mapacha." Kwake njia ilikuwa uzi, na nyumba ndizo shanga.

Taabu ilianzia kliniki. Binti yake kitindamimba alikuwa amerudi kwa wazazi kujifungua, maana mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, na kwake hukaa kama mgeni. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, sauti ya tarumbeta. Aliyenyamaza ni mama mtu. Miezi miwili alilala akitazama ukuta, akinyonyesha bila kumtazama anayenyonya. Ukimsemesha, jibu lilikuja limechelewa, kama limetoka chumba cha mbali.

Muuguzi alimuuliza maswali kwa sauti ya chini, kisha akamvuta mzee pembeni.

"Atembee," alisema. "Kila siku, nusu saa, na mtoto wake. Huko mashambani, penye miti na hewa safi. Jumatatu ijayo mlete nimwone. Akiwa bado hivi hivi, itabidi alazwe hospitali kubwa. Na mtoto hataruhusiwa kulala naye."

Mzee alirudi nyumbani amelishika neno moja tu: atembee. Naye kutembea alikujua kama anavyokujua kila mtu aliyelelewa vizuri: unavaa nguo safi, unakwenda kwa watu, unabisha hodi, unapewa kiti.

Basi Jumanne akampeleka binti kutembea kwa shangazi yake, ng'ambo ya kilima. Njia ile aliiapia: ina kivuli, na ukifika juu unaliona bonde lote. Alichosahau ni ngazi. Miguu yake ilizipanda miaka yote ile bila kumwarifu. Walisimama mbele ya ngazi arobaini na tatu za mawe, kigari kimegoma kama punda. Mzee akakibeba kichwani, binti akabeba mtoto, wakafika kwa shangazi wakitweta. Barazani walikuwapo wanawake saba.

"Mbona umekonda hivyo? Mtoto anakunyonya au anakutafuna?"

"Na pua hii kaitoa wapi? Si ya kwetu hii."

"Cheka basi, mwanangu. Umepata mtoto mzima, unanuna nini?"

Binti hakucheka.

Jumatano mzee akachagua nyumba ya rafiki yake wa posta, kupitia mashamba ya mahindi, njia tambarare kabisa. Tambarare kwa mguu. Kwa gurudumu ilikuwa tuta baada ya tuta. Kila tuta lilimrusha mtoto, na kila kilio cha mtoto kiliwaita wakulima waje kusaidia, na kushauri, na kuuliza mama yake ana nini. Kabla ya kufika, gurudumu la mbele likachomoka. Waliporudi, binti alijitupa kitandani na viatu vyake.

Alhamisi alisema maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. "Baba, kutembea sitaki tena. Afadhali wanilaze."

Mzee akaenda kuketi kando ya cherehani ya mkewe. "Mimi sielewi," alisema. "Muuguzi kasema atembee. Nimempeleka kwa watu wema watupu. Kila akitoka, anarudi na hali mbaya zaidi. Ni dawa gani hii?"

Mkewe alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akasema, "Maagizo uliyapokea wewe. Rudi ukaulize."

Akarudi. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho, akafunika uso kwa viganja, na mzee hakujua kama anacheka au analia.

"Mzee wangu, nilisema atembee. Sikusema atembelee."

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Atembee tu. Asiende kwa mtu."

"Sasa aende wapi?"

"Popote."

"Popote ni wapi, binti yangu? Mimi nilikuwa mpeleka barua. Barua ya popote hurudishwa."

"Anakwenda, anarudi. Basi."

Mzee alitoka kliniki kichwa kikimzunguka. Kwenda bila pa kwenda. Alijaribu kuifuata ile ramani ya kichwani mwake huku akiziondoa nyumba: akamwondoa fundi saa, akamwondoa mjane, akawaondoa mapacha. Kila nyumba ilipoondoka, njia nayo ikaondoka. Akabaki na uwanja mtupu usio na pa kukanyaga.

Ijumaa asubuhi alilirudishia gurudumu, akalaza ndani ya kigari mfuko wa unga wa kilo tano, uzito wa mjukuu wake, akaufunika kiblanketi usiingie vumbi, akatoka kuitafuta popote.

Njia ya kisimani ilikuwa mizizi mitupu. Njia ya machimbo ilikuwa na mawe yaliyourusha unga juu kama chapati. Ya makaburini ilikuwa laini kuliko zote, lakini nani ampeleke mgonjwa wa huzuni makaburini? Njia zote alizodhani anazijua zilikuwa ngeni, na kila alipokunja kona alitokea asipotarajia. Mwanamke mmoja akasimama, akainama kuchungulia.

"Katulia kweli. Anaitwa nani?"

"Unga," mzee alijibu, akili iko mbali.

Mwanamke alirudi nyuma hatua mbili. "Jina zuri," alisema, akaenda zake upesi.

Ilipofika saa sita, bila kujua amefikaje, alijikuta juu ya tuta la mfereji unaomwagilia mashamba. Kulikuwa na barabara ya changarawe iliyoshindiliwa, pana, ya gari la wakaguzi wa maji, ambalo hupita mara moja kwa mwezi. Miti mirefu ilijipanga upande mmoja, maji yakapita taratibu upande wa pili, na mbali vilima vilikuwa vimelaliana kama ndama. Kigari kilitulia kimya kwa mara ya kwanza. Miaka yote alipita chini ya tuta lile asipande, kwa kuwa juu yake hapakuwa na nyumba hata moja. Macho yake yalitafuta mlango wa kubisha. Hayakuuona, akaona haya kidogo, kama aliyeingia chumba cha wenyewe.

Alasiri alisimama mlangoni mwa binti yake. "Nimepata njia. Haina ngazi, haina matuta."

"Ya kwa nani?"

"Si ya kwa mtu."

Binti aligeuza uso kutoka ukutani. "Hakuna mtu kabisa?"

"Kuna ndege. Hao hawaulizi."

Taratibu akainuka akaketi, miguu ikaanza kutafuta viatu.

Juu ya tuta mzee alisukuma hatua kama hamsini, kisha mkono wa binti ukashika mpini kando ya mkono wake.

"Baba, wewe kaa hapa."

"Uende peke yako?"

"Naye," alisema, akimwonyesha mtoto kwa kidevu.

Wakaenda. Mzee akaketi juu ya jiwe, akasimama, akaketi tena. Aliyatazama maji, akatamani yangekuwa na kina kifupi zaidi. Awafuate? Amekatazwa. Akae? Je, likitokea jambo? Kwenye kona ya mfereji wakapotea, naye akabaki kuhesabu miti, akakosea, akaanza upya.

Walipotokeza tena, alisikia kilio cha mtoto kabla ya kuona sawasawa. Binti alikuwa ameinama juu ya kigari, na midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa anasema. Mzee alitega sikio, hakupata hata neno moja, wala hayakuwa maneno ya kuambiwa yeye.

"Kule mbele kuna daraja la mbao," binti alisema alipofika. "Nilidhani gurudumu litanasa. Halikunasa."

"Linavuka kwenda wapi?"

"Sijui. Kaanza kulia, nikageuza." Akaliweka sawa blanketi la mtoto. "Kesho nitavuka nikaone."

Mzee alifungua mdomo amwambie kwamba ng'ambo ile hakuna kitu, kisha akajiuliza yeye amejuaje, naye hajawahi kufika. Akaufunga.