Mwenyekiti Asiyeweza Kuhamisha Jenereta

Mimi ugomvi siutafuti. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimetukanwa na wagonjwa wa kila rangi, nikanyamaza. Lakini chama chetu cha Watanzania wa Texas kiliwahi kunifanya nipige kelele peke yangu ndani ya gari, vioo vimefungwa, kwenye maegesho ya duka la vyakula hapa Mansfield, mpaka mama mmoja wa Kimeksiko akaja kunigongea akiuliza kama nahitaji msaada. Nilimwambia nahitaji sana, mama yangu, ila huwezi kunipa mpaka matawi matatu yakubaliane.

Matawi yenyewe ni Dallas, Fort Worth na Houston. Mwenyekiti wetu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Houston, anakaa Gulfton, kwenye zile apatimenti ambazo familia sita zinagombea mashine moja ya kufulia. Tulimchagua akae miaka miwili. Akakaa kumi na mmoja. Kila uchaguzi ukikaribia kulikuwa na sababu: mara msiba, mara mwezi wa Ramadhani, mara wanachama wengi wako likizo nyumbani. Mwishowe tukamtoa kwa kelele, viti vinasukumwa, watoto wanalia. Nami nilisimama juu ya kiti siku hiyo, nisijifanye mtakatifu.

Basi yule mzee akanyamaza. Tukasikia anajiandaa na mtihani wa uraia wa Marekani. Watu wengine hukariri majibu yao wakaenda zao. Yeye akahamia maktaba. Tulipokaa Carrollton, upande wa Dallas, kuandika katiba mpya, akaja na faili kubwa, akaomba nafasi aseme neno, na kwa kuwa ni mtu mzima tukampa.

"Hawa tunaokaa kwao," akasema, "walipomtimua mfalme wa Mwingereza, kila jimbo lilijiandikia katiba yake. Mnajua waliogopa nini kuliko vitu vyote? Gavana. Walisema tumetoka kwenye mfalme mmoja, tusizae wadogo kumi na tatu."

Akatusomea. Majimbo mengi yalimpa gavana mwaka mmoja tu, tena achaguliwe na bunge, na bunge likimchoka limwache. Asikatae sheria yoyote. Asifanye jambo mpaka baraza limkubalie. Pennsylvania hawakutaka hata kusikia neno gavana, wakaweka baraza la watu kumi na wawili. Tena kuna gavana mmoja wa kusini ambaye watu walisema mamlaka yake yote yalikuwa kutia sahihi risiti ya mshahara wake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lile ni letu kabisa. Mtanzania ukimtajia baraza, amefurahi. Ukimwongezea kamati ndogo ndani ya baraza, anakuletea na chai. Tukaiga kila kitu. Mwenyekiti akae mwaka mmoja na asiwe na kura. Mali ya chama isitoke inapokaa mpaka matawi yote matatu yaridhie, na kila tawi liwe na baraza la watu watano, na akidi ya baraza iwe wote watano. Katiba yenyewe isibadilishwe kama kuna hata mkono mmoja ukumbini unaopinga. Tukapiga makofi, tukala pilau.

Mimi niliona ni kinyongo tu. Mzee kanyang'anywa kiti, basi kakipiga misumari ili atakayekuja asikae. Niliwaambia wenzangu, wakasema acha roho mbaya, dada.

Mwaka uliofuata wakanichagua mimi. Nilikuwa jikoni napakua chakula. Nimerudi na sinia mkononi naambiwa hongera, Mama Mwenyekiti.

Nikawa naandika kadi za pole. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mtu akifiwa naandika kadi, na kadi yenyewe inapita kwa katibu kwanza. Nilimkumbuka yule gavana wa risiti, nikamwonea huruma mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Halafu kikaja kimbunga Houston, mwezi wa saba, joto la kukaanga. Umeme ukakatika mtaa baada ya mtaa. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, nikapigiwa simu na binti wa yule mzee.

"Dada, baba mashine yake ya oksijeni imezima tangu jana," akasema. "Mitungi ya akiba imebaki miwili. Haitafika magharibi."

"Mpeleke hospitali sasa hivi."

"Amekataa. Anasema mama aliingia kule kwa miguu yake akatoka amefunikwa shuka. Nimelia, nimepiga magoti, hataki. Na jenereta Houston nzima zimekwisha."

Nikazunguka Mansfield na Arlington kutafuta ya kununua. Watu wa Houston walishafika kabla yangu, rafu nyeupe. Lakini chama kilikuwa na jenereta. Jenereta nzuri, nyekundu, tuliyonunua kwa ajili ya muziki wa pikniki, imelala kwenye gereji ya mtunza mali wetu Carrollton, imefunikwa blanketi kama mtoto mchanga.

Nikaandika kwenye kundi la wasapu: ndugu zangu, mzee wetu hawezi kupumua, naomba idhini jenereta iende Houston leo. Nikaweka na saa ambayo mitungi itaisha, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Dallas wakajibu baada ya nusu saa: wameridhia, ila irudi kabla ya Jumamosi, kuna bethidei. Fort Worth wakasema akidi haijatimia, wawili wako zamu na mmoja yuko ndani ya ndege kuelekea Dar. Na Houston? Houston hawakujibu kabisa. Wangejibu vipi na simu zao zimezima? Lile tawi lenye shida ndilo lililoshindwa kukaa kikao kwa sababu ya shida yenyewe! Katibu akaandika bila aibu: "Tunasubiri kauli ya tawi la Houston." Hapo ndipo nilipopiga zile kelele kwenye maegesho.

Nikamchukua binti yangu, wa darasa la nane, awe mikono ya kusaidia, nikaendesha mpaka Carrollton. Mtunza mali akanifungulia gereji, akanitazama, akaitazama jenereta.

"Dada, mimi sina tatizo na wewe," akasema. "Niletee barua tu ya matawi."

"Mtu anakufa, kaka."

"Najua. Ndiyo maana naingia ndani kunywa chai. Gereji sijaifunga."

Tukaibeba, mimi na mtoto, mgongo wangu haujapona mpaka leo. Nilipowasha gari nikamwona dirishani, kikombe mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, anaandika kwenye daftari la mali: imechukuliwa na Mwenyekiti bila idhini. Mwaminifu yule, Mungu amzidishie.

Njia ni mwendo wa saa nne, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kulaani ile katiba. Binti yangu alikuwa amesoma historia hiyo hiyo shuleni, akaanza kunieleza kwa Kiingereza chake cha puani. Akasema wakati wa vita, Virginia ilikaa siku kadhaa bila gavana: muda wake umekwisha, na wabunge wa kuchagua mwingine wako mbioni, askari wa Mwingereza wako nyuma yao.

"Kwa hiyo wakafanyaje?" nikamuuliza.

"Wakaja kubadilisha, mama. Ule muungano wao wa kwanza ulitaka majimbo yote kumi na tatu yakubali ndipo kirekebishwe kitu, na kila mara lilikuwepo moja linalokataa. Wakatuma watu Philadelphia warekebishe. Wao wakaandika mpya kabisa."

"Bila ruhusa?"

"Walitumwa kurekebisha tu."

Wametumwa kushona kiraka wakarudi na kanzu mpya! Nilicheka peke yangu mpaka tukapitiliza njia ya kuchepukia kwenye kituo cha mafuta. Na yule mzee na faili lake, sura hiyo aliiruka? Nilijiambia akipona nitamwuliza mbele ya watu.

Gulfton tulifika alasiri. Watu wamekaa nje kwenye ngazi, wanajipepea kwa makaratasi ya matangazo. Mzee yuko mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mrija puani, midomo imeanza rangi ambayo mimi kama nesi siipendi. Mtungi wa mwisho uko karibu na sifuri. Ananiona na jenereta, na badala ya kusema karibu mwanangu, unajua aliuliza nini?

"Matawi yote yameridhia?"

Jamani! Nilitaka kumpiga kofi nimwongezee oksijeni baadaye. Nikamtazama machoni nikamwambia, "Yote, mzee." Akatikisa kichwa, akaturuhusu tuiwashe. Mashine ilipoanza kuguruma binti yake alikaa chini sakafuni akalia.

Mkutano mkuu ulifuata baada ya mwezi, zamu ya Houston kuwa mwenyeji. Nilikwenda nimejiandaa kushtakiwa. Katibu akasoma ajenda: Mwenyekiti kuhamisha mali kinyume cha kifungu cha tisa. Kabla hajamaliza, mama mmoja wa Fort Worth akapiga kigelegele. Ukumbi ukalipuka. Watu wamesimama, makofi, wananiita simba jike. Kijana wa Dallas akadaka maiki akasema tuiondoe hii katiba ya kipuuzi, Mama apewe miaka mitano, na mambo ya dharura aamue mwenyewe. Makofi zaidi. Na niseme kweli: nilipenda. Nilihisi joto kifuani, nikaanza kupanga kichwani nitakayoyafanya, nani nitamtoa ukatibu, jenereta nitaihamishia wapi. Kadi za pole ningeziandika bila kumwonyesha mtu.

Katibu akauliza, kuna anayepinga?

Mkono mmoja ukanyooka, mstari wa mbele. Kwa mkono wa pili ameshika kamba ya kile kimashine kidogo cha oksijeni cha kutembea nacho.

Ukumbi ukamzomea. "Mzee huna shukrani! Si yeye aliyekuokoa?" Pumzi ile anayotumia kunipinga nimeibeba mimi na mgongo wangu!

"Ameniokoa," akasema, na ikabidi watu wanyamaze maana sauti yake ni ndogo. "Asante, mwanangu. Sitaki afukuzwe, sitaki akemewe. Lakini uchaguzi wa kwanza nilioahirisha mimi, mnaukumbuka? Mwenzetu alifiwa na watoto wake wawili kwenye ajali. Nilisema hatuwezi kupiga kura juu ya majeneza. Mlinipigia makofi kama haya haya. Kuna mtu alilia." Akapumzika kidogo, akavuta hewa. "Mwaka uliofuata nikatafuta sababu nyingine."

Mkono wake ukabaki juu mpaka katibu akaandika kwamba hoja imeanguka. Tukaenda kula, na chakula hakikuwa na ladha.

Binti yake alikuwa na zamu jioni, akaniomba nimrudishe mzee nyumbani. Nani mwingine? Nikampakia na kimashine chake, nikachomeka waya kwenye soketi ya gari. Nilikuwa nimenuna na sikuficha.

"Ile sura ya Philadelphia uliiruka," nikamwambia. "Binti yangu kanieleza. Walibadilisha."

"Niliisoma mara tatu," akasema. "Walikaa miezi minne wakigombana. Halafu wakairudisha kwa watu, jimbo kwa jimbo. Tukae na sisi, tubadilishe hiki kifungu cha jenereta, nitaunga mkono. Lakini tusifanye wakati watu wanapiga makofi."

"Ungekufa, mzee. Kwa kifungu chako mwenyewe."

"Ningekufa, kweli. Ndiyo maana ulinidanganya."

Taa ikawa nyekundu, basi likapita mbele yetu, limejaa.

"Nilikuwa nakutazama pale mbele," akasema tena, taratibu, bila ukali. "Wakati wanashangilia. Nilikuwa naujua uso ule."

Tukaingia kwenye geti la apatimenti zao, nikazima gari. Nikamshikia mlango, nikambebea kimashine chake mpaka ghorofani.

Wiki iliyofuata niliandika barua kwa matawi matatu kuomba kikao cha kifungu cha tisa. Dallas wamejibu. Fort Worth akidi haijatimia. Nasubiri.