Mlenda wa Injini

Nikodemo, fundi magari wa Ihumwa, hakatai kitu kabla hajakipima. Evarista, karani wa wizarani, alipomletea chupa ya dawa ya kuchanganya kwenye oili, hakusoma hata lebo. Alichovya kidole, akakibana na gumba, akaviachanisha. Uzi mrefu ukavutika katikati.

"Huu mlenda," alisema. Amekua akiila mboga hiyo ya utelezi, anaijua.

Akajaza nusu nusu chupa mbili ndogo, moja oili tupu, nyingine oili yenye dawa, akaziacha nje hadi kesho yake asubuhi, na Julai hapa ina baridi yake. Evarista aliporudi, Nikodemo alizipindua zote pamoja. Oili tupu ilishuka mara moja. Ile nyingine ilijikokota mpaka fundi akamaliza chai yake.

"Sasa ukiwasha gari asubuhi, hii itafika juu ya injini saa ngapi?"

"Lakini fundi, tangu niiweke kwenye gari langu, ile kelele ya injini kugonga imenyamaza."

Nikodemo alifuta mikono taratibu.

"Dada, hata mimi ukinijaza mlenda mdomoni nitanyamaza. Jino litaendelea kuniuma."