Aliyesimama Mahali pa Baba

Nilijiunga na kwaya ya kanisa letu kwa sababu ya Mwanza. Sauti yangu si ya kuimba. Ni sauti ya kumuuliza mteja anataka tupunguze kiasi gani, maana mimi ni kinyozi mjini Migori. Lakini mwalimu wa kwaya alipotangaza kwamba tungekwenda Tabora kwenye mkutano wa makwaya, na kwamba basi lingepumzika Mwanza kuanzia asubuhi hadi alasiri, nilinyoosha mkono mbele ya watu wote. Akaniweka mstari wa nyuma na kuniomba nisiimbe kwa nguvu.

Mwanza ndiko anakoishi kaka yangu mkubwa. Aliondoka nikiwa bado navaa kaptura ya shule, akavuka mpaka pale Isebania pamoja na wachuuzi wa samaki, na miaka yote hiyo amekuwa akipiga simu wakati wa Krismasi na kuahidi kuja. Simba yake, kama tunavyoiita nyumba ndogo ya mwana ambaye hajahama kwa baba, bado imesimama kulia kwa lango la boma letu. Yangu iko kushoto. Yangu ina mke na watoto ndani, yake ina mchwa.

Wateja wasio Wajaluo huniuliza mbona sijengi kwangu. Shamba ninalo, na mabati nilishanunua, yameegemea ukuta mpaka yameanza kupoteza rangi. Huwa nawajibu kwa mzaha kwamba napenda chakula cha mama. Ukweli ni kwamba kwetu mwana hajitoi mwenyewe kwa baba. Baba humtangulia alfajiri hadi mahali papya, jogoo na shoka vikifuata nyuma, na baba ndiye anayeonyesha shimo la kwanza lichimbwe wapi. Na mdogo hatoki kabla ya mkubwa. Ukimruka mkubwa wako unaleta chira, ile laana inayowadhoofisha watoto pole pole huku hospitali zikitafuta jina la ugonjwa. Siwezi kusema naiamini. Siwezi pia kusema ningeijaribu kwa watoto wangu.

Baba alikuwa amezeeka na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nilichotaka kwa kaka yangu kilikuwa asubuhi moja tu ya maisha yake. Aje, baba amtoe, kisha baba anitoe mimi, halafu arudi Mwanza akae huko hata milele kama anataka. Hilo ndilo lililonifanya nijifunze nyimbo za watu.

Tuliingia Mwanza kukiwa kumekucha. Ziwa ni lilelile letu la Homa Bay, ila kule limezungukwa na mawe makubwa yaliyopandana, na nyumba zimejibana katikati ya mawe hadi juu kabisa ya vilima. Wanakwaya wenzangu walikwenda kupiga picha. Mimi nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa njia ya kwenda kwenye mwalo wa samaki, pale boti zinapotia nanga, ambako kaka alikuwa ameniambia anatengeneza mashine, akacheka na kuniambia, "Mkenya wewe, mbona unauliza kama unanidai?" Nikamwomba radhi. Akanionyesha njia.

Kaka yangu alikuwa ameinama juu ya mashine ya boti. Nilimtambua kwa kisogo kabla hajageuka, kisogo cha baba kabisa, na nikaona pia kwamba amenyolewa vibaya nyuma ya masikio. Tulikumbatiana, akanipaka mafuta shati zima. Nilianza kwa Kijaluo, akajibu kidogo, akakwama, akaanza tena. Mwishowe tukaongea Kiswahili, yeye kile chake cha Mwanza na mimi hiki cha Migori, kama watu waliokutana kwenye foleni. Hilo liliniuma kuliko mvi zake.

Alinipeleka kwa mama ntilie akaninunulia ugali na samaki, ngege, ambaye wao wanamwita sato. Aliuliza habari za kila mtu, hata za mbwa aliyekufa zamani. Nilimwacha amalize ndipo nikamwambia.

"Kaka, si ukuje tu siku moja. Mzee anaisha. Siku moja tu, akutoe, unitolee njia."

Aliacha kula.

"Mdogo wangu, mimi nilishatoka," akasema.

Akanyoosha kidole kuelekea mlimani. Kati ya mawe, juu kidogo ya msikiti, kulikuwa na nyumba ya bati jekundu yenye ua wa miti, na juu ya paa kulikuwa na kijiti kimesimama wima. Mjaluo yeyote angekijua kijiti kile. Ndicho tunachosimika juu ya nyumba kuonyesha kwamba mwenye boma yuko na ni mzima.

"Nani alikutoa?" nikamuuliza.

Alinieleza bila kunitazama. Mwenye nyumba alikuwa amewafukuza, mkewe alikuwa mjamzito, na kiwanja kilikuwa kimepatikana. Hakuweza kungoja na hakuweza kuingia hivi hivi, kwa sababu aliogopa chira hata akiwa ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo alikwenda kwa jirani yake, mzee wa Kisukuma anayelinda mbao kwenye karakana, akamwomba asimame mahali pa baba. Mzee alimwambia haelewi mambo yao lakini atakuja. Alikuja alfajiri amevaa koti, akamtangulia kaka yangu na jogoo wake hadi juu, akachora kwa fimbo mahali pa shimo la kwanza.

"Sasa mbona hukupiga simu?"

"Ningesemaje? Baba, njoo unitoe kwenye mawe ya watu?" Akasukuma sahani. "Na sasa nikija, nitalala wapi? Kwenye simba siwezi, mtu akishatoka harudi humo. Kwa baba siwezi, mwana mzima halali nyumba ya wazazi. Unataka nilale langoni na mbwa?"

Mimi mwenyewe nisingemwacha alale kwenye ile simba, na nilijichukia kwa kujua hivyo.

Aliponisindikiza kurudi kwenye basi tulipita karakana ya mbao. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya gogo, kofia mkononi. Kaka yangu alipunguza mwendo, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kule kila mzee huitwa baba, najua. Lakini niliisikia ile sauti, na mimi nimeishi na baba yangu maisha yangu yote. Mzee aliposikia mimi ni mdogo wa huyu, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema sasa amepata mtoto mwingine. Akauliza kama baba yetu ni mzima. Kaka yangu akamjibu kwamba ni mzima.

"Basi msalimie sana," mzee akaniambia. "Mwambie namtunzia mtoto wake."

Nilimshukuru. Nilimchukia mzee yule ambaye hakuwa amenikosea lolote, na nilimchukia njia nzima hadi Tabora. Huko niliimba kwa nguvu hata mwalimu wa kwaya akageuka kunitazama vibaya.

Ila wakati wa kurudi nilianza kupata tumaini la kijinga. Ikiwa mkubwa ameshatoka, basi mbele yangu hakuna mtu. Njia iko wazi, mradi tu baba akubali kwamba boma la Mwanza ni boma. Nilimweleza mke wangu nilipofika, akaniambia maneno machache. "Mwambie tu ametoka. Usitaje nani."

Baba huwa namnyoa mimi mwenyewe, nje, kwenye kiti cha mbao karibu na ghala. Nilimfunga taulo shingoni na kuanza. Mke wangu alikuwa akianika nguo hatua chache kutoka pale, naye alizianika pole pole sana.

"Ulimkuta?" baba akauliza.

"Nilimkuta. Ni mzima. Alishatoka, baba. Ana nyumba, ana ua, ana lango."

Baba alitabasamu, nikaona shavu lake likipanda. Nilianza kuyapanga mabati yangu kichwani, sebule huku, jikoni kule. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa na furaha.

"Nani alisimama mahali pangu?"

Mke wangu aliacha kuanika. Ningeweza kusema ni mzee fulani wa ukoo wetu aliyehamia huko, na baba hangekuwa na njia ya kujua. Lakini kichwa chake kilikuwa mkononi mwangu, chepesi, kimenyolewa nusu, na mtu ukishamshika kichwa hivyo kumdanganya ni kazi kubwa.

"Msukuma mmoja," nikasema. "Jirani yake. Mlinzi."

Nywele nyeupe ziliendelea kuanguka kwenye taulo. Baba alikuwa akitazama lango, au ile simba iliyo kulia kwake.

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mzuri. Anakusalimu."

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Basi ana baba," akasema. "Mimi bado sijamtoa mkubwa wangu."

Nilimaliza kumnyoa, nikarudia vizuri nyuma ya masikio. Mke wangu aliokota beseni lake, nguo nyingine zikiwa bado mbichi ndani, akaingia kwenye simba yetu.